Leo ni Leo

Wahenga walisema: Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Wako wanaoitumia mithali hii kama udhuru wa kutumia walicho nacho bila ya kujali ya mbele. Sisi tunaoishi Kolo, katika wilaya ya Kondoa, tunaielewa kwa namna nyingine, kwa kuwa ardhi yetu ndiyo iliyotufunza.

Katika nyanda hizi za kati mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka. Ardhi inapolowa, mkulima wa uwele au mahindi hawezi kuiambia mvua imngoje. Siku hiyo fikira zake zote ziko kwenye jembe na mbegu. Anayehesabu magunia ambayo hajayavuna hupitwa na magugu. Naye anayelilia ukame wa mwaka jana hupitwa na mvua ya mwaka huu. Hapo asemaye kesho ni mwongo kweli.

Lakini iko leo nyingine, nayo ni leo ya kula tu. Kwa miaka mingi milima ya Irangi ilikatwa miti, ikalimwa na kulishwa mifugo kupita kiasi, hata maji yakachimba makorongo na kuubeba udongo mabondeni. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, lenye kilomita za mraba 1,256. Jambo hilo halikuwa dogo. Nyumba zilikosa maziwa, mashamba yakakosa samadi. Majani na miti ilirudi milimani, lakini leo ya watu wale ilitolewa kuwa fidia ya jana iliyoliwa.

Baadaye ng'ombe wa maziwa walirudishwa kwa sharti la kufugwa bandani. Mfugaji wa namna hiyo hana kazi ya kesho: majani hukatwa leo, maji huletwa leo, samadi hupelekwa shambani leo. Wala kilima hakiharibiki. Basi tunaona kwamba kuishi leo na kuzalisha mali si mambo yanayogombana. Yanayogombana ni kuitumikia leo na kuila.

Ushahidi mwingine uko juu ya vichwa vyetu. Katika mapango ya Kolo imo michoro ya kale ya rangi nyekundu, ya watu na wanyama, ambayo mwaka 2006 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na michoro mingine ya Kondoa. Wachoraji wake hawakutuachia majina. Tunachokiona ni jicho lililomtazama mnyama vizuri, na mkono uliotulia juu ya jiwe mpaka kazi ikamalizika. Sifa ya vizazi vya baadaye hawakuweza kuijua. Kazi iliyokuwa mbele yao waliijua.

Kwa hiyo tunawausia vijana wetu, pamoja na walimu wanaowalea: somo la leo lisomwe leo, kwa moyo wote, bila ya kuhangaikia mtihani ambao haujafika. Na kabla ya kusema leo ni leo, kila mmoja wetu ajiulize iwapo ameshika jembe au kijiko.