Kutoka Wodi ya Wazazi

3 Machi 2025, zamu ya usiku

Saa nane usiku bodaboda imeleta mama wa uzazi wa tatu, njia imefunguka sentimita tisa. Kadi yake inaonyesha hakukosa kliniki hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini amechelewa hivi, alinyamaza. Mama mkwe wake akanivuta pembeni: "Sista, uzazi uliopita alitukanwa hospitalini. Aliambiwa, ulipokuwa unapata raha mbona hukupiga kelele? Akaapa huyu atamzalia nyumbani."

Maneno hayo nimeyasikia wodi zaidi ya moja. Mtoto amezaliwa salama, lakini sipati usingizi. Sindano ya oksitosini hutakiwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Kule nyumbani angeichoma nani?

6 Machi

Tumebishana wakati wa chai. Mwenzangu mkongwe anashikilia kuwa mama asipokaripiwa hasukumi: "Ukimbembeleza, mtoto atakufia mikononi." Simdharau. Amefanya kazi miaka mingi, usiku mwingi akiwa peke yake na wazazi watatu wanne, na hofu yake ni ya kweli. Ila hofu akiirithisha kwa mama, uchungu wenyewe unapoa: mwili ulioogopa humwaga adrenalini, nayo huizuia ile oksitosini yake ya asili. Tunamfokea kwa kuchelewa, kumbe ndivyo tunavyomchelewesha.

Nikawakumbusha utafiti wa mradi wa Staha, uliofanyika hapa hapa mkoani Tanga, Korogwe na Muheza. Wazazi walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, karibu 19 katika kila 100 walisema walitendewa vibaya. Walipofuatwa nyumbani wiki chache baadaye, walifika 28. Yaani hata mlangoni, mtoto yuko mikononi, bado walikuwa wanatuogopa! Hilo linaniuma kuliko matusi yenyewe.

9 Machi

Nimekwenda kijijini kumwamkia bibi mkunga wa jadi. Hana glovu za kutosha, hana dawa, na akina mama wanamfuata. Nilitaka kujua kwa nini. Anawasalimia kwanza, anawauliza habari za watoto waliobaki nyumbani, anawapa uji. Hamgusi mtu bila kumwambia, "Mwanangu, sasa nataka nikupapase tumbo."

Nikamwomba awalete kituoni mapema. Akanitazama sana. "Nikiwaleta, mtanifukuza mlangoni kama mwizi?"

Swali la haki kabisa. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2018 kila mama awe na mtu wake amtakaye wakati wa kujifungua. Kwetu ndugu wanalala nje kwenye mabenchi, na sababu tunayoitoa ni kwamba wodi haina mapazia.

15 Machi

Binti wa uzazi wa kwanza alilia tangu alfajiri. Nilimsugua kiuno, nikamwambia kila hatua inayokuja, nikamwacha atembee na kuchuchumaa apendavyo. Ilipofika saa ya kusukuma alinisikiliza neno kwa neno. Mwenzangu mkongwe alikuwa kitanda cha pili. Hakusema kitu, ila alimwita mgonjwa wake "mama" mara kadhaa.

Nimemwandikia mganga mfawidhi: mapazia, stuli moja kila kitanda, na ruhusa ya mama kuingia na mtu wake. Ameniita Jumatatu. Nitamwomba bibi twende wote.