Chai Iliyolazwa

Tumezoea kusema ya kuwa chai ni chai, na kila mwenye sufuria na kuni aijua kazi yake. Hata sisi tulisema hivyo, mpaka tulipoaibika mbele ya baba yetu mzazi. Habari yenyewe ni hii.

Rafiki yetu mmoja aliyekwenda Japani kusoma alirudi Sumbawanga, akatuletea pakiti ndogo ya gramu 50. Akasema, "Mwalimu, hii ni chai ya kijani iitwayo sencha, tena ililazwa miezi mingi kabla ya kuuzwa. Bei yake ni kubwa, usiwape wasiojua." Neno hilo la mwisho lilitutia kiburi. Tukaifungua pakiti, tukanusa, tukaiweka kabatini kungoja mgeni wa heshima.

Mwezi wa Juni, wakati wa upepo wa baridi, baba alifika kutoka Nkasi na debe la maharage. Tukawaza, ni mgeni gani apitaye huyu? Basi tukayachemsha majani yale kama tuchemshavyo ya Rungwe na Mufindi, pamoja na maziwa, sukari na tangawizi, hata yakafura. Rangi ikawa kama ya maji ya dimbwi, na uchungu kama wa kwinini. Baba akanywa kikombe chote kwa adabu, akakiweka chini, akauliza, "Asante, mwanangu. Dawa hii yatibu nini?" Watoto wakakimbilia nje kucheka. Sisi hatukuwa na jibu.

Baba alipokwisha kurudi kwake, tukaitafuta karatasi ya maelezo aliyotuandikia rafiki yetu, ambayo hatukuisoma kwa kujidhani tu wajuzi. Humo tuliona ya kuwa majani ya chai yetu nyeusi hunyaushwa, husokotwa, kisha huachwa mpaka yageuke rangi. Lakini Wajapani huyatia majani yao katika mvuke mara yakichumwa, ndiyo maana hubaki kijani. Nagatani Soen alisifiwa kwa kuitengeneza njia ya sencha mwaka 1738, karibu na mji uitwao Uji, katika mkoa wa Kyoto. Naam, wasomaji, jina lake ni Uji, ingawa si uji wa ulezi!

Tena, majani ya kwanza ya mwaka huchumwa majira ya machipuko. Zamani walitia chai katika mitungi, wakaiziba sana, wakaiweka mahali pa baridi muda wote wa joto. Mitungi ikafunguliwa mwezi wa Novemba. Siku hizi hutumia ghala za baridi. Harufu ya ubichi hupungua, na ladha huwa pole. Lakini si muda peke yake ufanyao kazi hiyo. Majani yakiachwa wazi karibu na moshi na vitunguu, kama tulivyoyaacha sisi, hayakomai, huharibika tu. Tukayahamisha upesi katika mkebe wenye kifuniko cha kukaza.

Na maji je? Uchungu wa majani haya hutoka upesi katika maji ya moto sana, bali utamu wake hutoka hata katika maji yaliyopoa. Yafaa maji ya nyuzi 70 hivi. Hapa Sumbawanga, kwa kuwa tu juu yapata mita 1,800, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Hatuna kipimo cha joto, basi tuliyamimina maji kutoka kikombe hata kikombe, mara tatu, maana kila mara hupungua yapata nyuzi 10. Tukatia majani vijiko viwili vidogo kwa kikombe kimoja, tukangoja dakika moja, tukachuja bila sukari wala maziwa.

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi kwenda Nkasi na mkebe wetu. Tukamwandalia baba barazani. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena. "Hii yafanana na mchuzi wa majani ya maharage," akasema, "kisha utamu waja nyuma." Tukamweleza habari za mitungi. Hakustaajabu. Akatuonyesha matuta yake ya mviringo, akasema, "Nyasi nizifukiazo humu huoza polepole. Mwaka wa pili ndipo nitawanyapo tuta, nipande ulezi. Wewe ulikula ulezi huo ukaenda shule, lakini kungoja hukujifunza."

Tulikubali. Tuliambiwa tusiwape wasiojua, kumbe asiyejua ndiye aliyeishika pakiti. Chai ya Rungwe twaendelea kuichemsha na maziwa, maana ndiyo haki yake. Ile iliyobaki mkebeni tumemwachia baba. Naye, twasikia, huwafundisha majirani kuyapoza maji.