Doa la Darini

"Sasa hadithi iko wapi?" mwenzangu wa chumba aliuliza baada ya nusu saa, kisha akageukia ukutani akalala. Mimi nilibaki macho mbele ya kompyuta mpaka mwisho, mikono imenifa ganzi.

Tulikuwa tunatazama Skinamarink, filamu ya mwaka 2022. Watoto wawili, Kevin na Kaylee, wanaamka usiku mmoja wa mwaka 1995 na kukuta baba yao hayupo. Kisha madirisha na milango inaanza kutoweka. Sababu hatuambiwi, na nyuso zao hatuzioni vizuri. Kwa dakika 100 tunatazama dari, kona za kuta, zulia na mwanga wa katuni za zamani kwenye televisheni. Kyle Edward Ball aliirekodi katika nyumba aliyokulia, mjini Edmonton, Kanada, kwa takriban dola 15,000.

Nilikuwa na miaka sita usiku ule mama alipopelekwa hospitali. Hakuna aliyeniamsha, niliamka mwenyewe. Nilichobaki nacho ni vipande tu: taa ya sebuleni inawaka, mlango wa nyuma uko wazi, kandambili moja ya mama imepinduka kizingitini. Nikarudi kitandani. Dada alikuwa amejifunika shuka gubigubi, nikadhani amelala. Juu yangu, darini, kulikuwa na doa la maji lenye umbo la mbuzi. Nililitazama mpaka adhana ya alfajiri.

Mama hakurudi.

Nimejaribu mara nyingi kuuandika usiku ule. Kila mara niliongeza nisivyoviona: baba akihangaika kutafuta teksi, shangazi akilia uani. Hadithi ilikaa sawa, lakini hofu ilikuwa imeshatoka. Ball hakuongeza kitu. Mtoto aliyeamka usiku hajui kisa. Anajua tu kwamba nyumba ni ileile na si ileile, basi anatazama dari na kusubiri.

Jumapili nilimpigia dada. Hatujawahi kuzungumzia usiku ule. Sikumuuliza kilichotokea, nilimuuliza aliona nini. Akanyamaza kidogo.

"Kandambili," akasema. "Ulipopitiwa na usingizi niliivaa ile moja, nikatafuta ya pili nyumba nzima."

Miaka yote hii sikujua kwamba naye alikuwa macho.