Mandazi Yangu, Donati ya Mathe

Wasee, mshawahi kujiuliza emoji hukaa wapi? Mimi nilidhani zinaelea tu huko kwa intaneti. Kumbe zimelala ndani ya faili la fonti, pamoja na namba na alama zingine.

Laptopu yangu inatumia Ubuntu, na faili lenyewe linaitwa Noto Color Emoji, la Google. Humo ndani kila emoji ni picha ndogo ya PNG, upana pikseli 136, kimo pikseli 128. Leseni yake inaruhusu mtu kuibadilisha. Nikasema basi, donati itoke, mandazi iingie. Kwani nani kwetu hunywa chai na donati?

Nikaandika skripti ya Python. Mara ya kwanza nilichomoa donati nikapachika picha yangu kwa nguvu. Emoji kibao zikapotea! Shida ni kwamba fonti ina majedwali mawili: CBDT inabeba picha, CBLC inasema kila picha inaanzia wapi. Faili la mandazi lilikuwa kubwa kuliko la donati, kwa hivyo picha zote zilizofuata zikasukumwa mbele, na CBLC bado inaelekeza watu kwa mlango wa zamani.

Siku ya tatu nikapata fontTools. Hii inafungua fonti, wewe unabadilisha picha, halafu ukihifadhi inahesabu hizo nafasi zote upya. Skripti yangu ikabaki mistari michache tu.

Sasa, mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Mambo ya data kukaa wapi kwa faili niliyakariri, nikafanya mtihani, nikafeli. Mandazi ndiyo ilinifunza. Sisemi muache shule, tafadhali. Nasema tu kuna kitu huwezi kuelewa mpaka ukiharibu mwenyewe.

Nikamwandikia mathe imeli, yeye ni mtu wa ofisi: "Mama, leo ni chai na 🍩." Akajibu: "Donati? Na kodi umelipa?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Unajua, ukituma emoji, picha haisafiri. Inayosafiri ni namba tu, U+1F369, na kila kifaa kinaivalisha picha yake. Mimi natuma mandazi, yeye anapokea donati.

Ni vile vile nikimwambia "niko kazini". Mimi naona usiku mzima wa kurekodi na kuhariri. Yeye anaona kijana amelala na laptopu kifuani. Namba ni moja, fonti ni mbili, na yake siwezi kuibadilisha nikiwa mbali.

Jumamosi nikapanda matatu nikaenda nyumbani, nikamfungulia laptopu mezani. Akavaa miwani, akaangalia sana.

"Hii mandazi imeungua kidogo," akasema. Kisha akavuta kiti. "Haya, nionyeshe ulifanya aje."