Jina Lisiloandikwa Kitabuni

Brooklyn Park, Minnesota

Mpwa wangu,

Nakuandikia alfajiri, nimetoka zamu ya usiku kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi. Mama yako ameniambia kwa simu kwamba umeanza kuripoti, na kwamba habari za polisi ndizo unazotaka kuziandika. Ameniomba nikukataze. Nimelifikiria jambo hilo siku mbili, na sitakukataza.

Nikusimulie kisa ambacho nyanya yako hakupenda kisimuliwe. Nilipokuwa na miaka 19 nilishushwa na polisi jioni kwenye matatu ya 46, tukielekea Kawangware, mimi na vijana wengine wanne. Hatukuambiwa kosa. Usiku huo tulilala sakafuni katika kituo ambacho sitakitaja. Asubuhi nyanya yako akaja na thamosi ya chai na chapati alizozifunga kwa kitambaa. Askari wa kaunta akafungua OB, kile kitabu cha matukio, akapitisha kidole ukurasa mzima, akamwambia, "Mama, huyo hatuna hapa." Nami nilikuwa nyuma ya ukuta huo huo, naisikia sauti yake. Nilitolewa jioni, babu yako alipokwisha kutoa kitu. Jina langu halikuandikwa nilipoingia wala nilipotoka. Ningefia mle, ingekuwa kana kwamba sikuwahi kufika.

Ndiyo maana habari za Albert Ojwang, Juni 2025, zilininyima usingizi. Mwalimu wa miaka 31 anakamatwa kwao Homa Bay kwa ajili ya maneno ya mtandaoni, anasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi kituo cha polisi cha Central, Nairobi, na kabla ya siku kupambazuka vizuri amekwisha kufa. Baba yake alifunga safari na hatimiliki ya shamba mkononi, akidhani anakwenda kumdhamini mwanawe. Polisi walisema kijana alijigonga kichwa ukutani. Kisha mwanapatholojia wa serikali, Dkt. Bernard Midia, akaandika alichokiona: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, mwili wenye alama za kipigo. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akalazimika kusimama mbele ya Seneti na kuomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza. IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, nayo ikaeleza kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Unaona wanachokigusa kwanza? Wanaanza na kumbukumbu.

Utakapopita Central, simama kidogo. Barabara ile inaitwa Harry Thuku kwa sababu hapo ndipo alipozuiliwa Machi 1922, na umati uliokuja kumdai ukapigwa risasi, Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Miaka zaidi ya mia imepita na mzazi bado anafika mahali pale pale kuulizia mtoto. Kwenye barabara hiyo hiyo iko KBC. Kituo cha polisi na kituo cha utangazaji ni majirani, na katika ujana wangu hatukuwahi kusikia redio ile ikitaja yaliyotendeka kwa jirani.

Huku ninakoishi nako wana ukuta wao. Usiku wa tarehe 25 Mei 2020, polisi wa Minneapolis walitoa taarifa kwamba mtu mmoja amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya. Goti la polisi shingoni mwake halikutajwa. Msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa amesimama kwenye njia ya miguu na simu yake, hakuishusha mpaka mwisho. Taarifa ya polisi haikuishi hata siku mbili. Miezi 11 baadaye Derek Chauvin alipatikana na hatia ya kumuua George Floyd, na tarehe 25 Juni 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Nilikwenda pale kwenye makutano ya barabara ya 38 na Chicago. Nilisimama alipokuwa amesimama yule msichana. Ni karibu mno, mpwa wangu. Ni kama ulivyo karibu na mtu mnayenunua naye mboga kibandani.

Kwetu, tarehe 25 Juni ni ya vijana waliopigwa risasi nje ya Bunge mwaka 2024. BBC ilikusanya picha na video zaidi ya 5,000, nyingi za watu wa kawaida, ikaonyesha waliofyatua risasi. Mwaka uliofuata, siku hiyo hiyo, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kutangaza maandamano mubashara, na NTV na KTN zikazimwa mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia. Watu waliendelea kutazama kwa simu. Kama wiki moja tu kabla ya hapo, Boniface Kariuki, mchuuzi wa barakoa, alikuwa amepigwa risasi ya kichwa kwa karibu, katikati ya jiji, kamera zikimtazama aliyefyatua. Alifariki tarehe 30.

Kwa hiyo kuona tunaona. Kinachotushinda ni kufuatilia. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao waliuawa Juni 2016. Hatia ilitangazwa Julai 2022. Miaka sita! Katika miaka kama hiyo shahidi huhama, faili hupotea, na wanahabari huenda kwingine. Katika kesi ya Ojwang, mlalamishi alikuwa Naibu Inspekta Jenerali, mkubwa wa wale waliotumwa kukamata. Alikaa kando kupisha uchunguzi, kisha akarejea ofisini. Sura ya Sita ya Katiba inazungumzia uadilifu wa viongozi kwa maneno mazito, na mimi naiamini, lakini haijisimamii yenyewe. Inahitaji mtu wa kuuliza swali lile lile Januari, Machi na Agosti, hata mhariri akisema habari hiyo imechacha.

Mtu huyo awe wewe. Video ukiipata, itunze ile ya asili, na uandike saa, mtaa na upande ulikokuwa umesimama. Mtu akikamatwa Kangemi au Kawangware, nenda kituoni, dai nambari ya OB, na uhesabu zile saa 24 ambazo Katiba inawapa polisi kabla ya kumfikisha kortini. Usiende peke yako. Hilo namwahidi mama yako kwa niaba yako. Kesi za mauaji zikitajwa, keti kwenye benchi mpaka mwisho, hata kama zitaahirishwa baada ya dakika tano. Kisha nitumie tarehe inayofuata. Nitaiandika kwenye kalenda ya jikoni, kando ya zamu zangu, na siku hiyo nitakupigia kukuuliza kilichosemwa.

Mjomba wako