Maua ya ndani na mtoto anayetambaa (sehemu ya 3)

Jamani, leo tuongelee ule ujumbe unaozunguka WhatsApp kila baada ya muda, kwamba lile ua lenye majani mapana ya kijani na madoa meupe katikati linaua mtoto kwa dakika moja. Wifi yangu kanitumia juzi na swali: nitupe maua yangu yote? Ana mtoto wa miezi 11, anatambaa, na kila anachookota kinaenda mdomoni.

Ua lenyewe ni Dieffenbachia. Kuua kwa dakika moja ni uongo. Ila msinielewe vibaya, halina masihara. Ndani ya majani na shina kuna vichembe vya kalsiamu oksaleti vyenye umbo la sindano, vidogo huwezi kuviona. Mtoto akitafuna, vinachoma ulimi, midomo na koo. Analia, mate yanamtoka, mdomo unavimba. Hata mtu mzima anaweza kushindwa kuongea, ndiyo maana kwa Kiingereza wameliita mua wa bubu.

Kama umewahi kula gimbi halijaiva vizuri ukabaki unawashwa koo, basi sindano hizo unazijua. Magimbi ni ukoo mmoja na Dieffenbachia. Monstera nayo imo, Philodendron, Pothos ile inayoning'inia kutoka kwenye kopo, hata ZZ ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukitupa moja ukabakiza mengine, bado hujafanya kitu.

Akishatafuna: toa mabaki, mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Usimtapishe, maana kinachopanda kinachoma mara ya pili. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 halafu mlete. Ulimi ukizidi kuvimba, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, usisubiri jirani atoe ushauri, njoo hospitali sasa hivi. Na jani mje nalo! Mtu akituambia "kala majani" tu, tunabaki kukisia.

Wifi nimemwambia asitupe. Ayaweke juu, mbali na kochi ambalo mtoto atalipanda mwezi ujao (atalipanda tu). Lakini siyo juu ya kabati gizani, huko litarefuka na kulegea. Karibu na dirisha lenye pazia jepesi panatosha.

Kuna kitu watu hawakifikirii: maji. Ukimwagilia kila siku mizizi inaoza, majani ya chini yanageuka njano na kudondoka, na lililodondoka ndilo mtoto anaokota. Ua liko juu salama, sumu iko sakafuni. Ingiza kidole, udongo ukiwa mkavu kama sentimita 3 ndipo umwagilie. Jani likianza njano likate mapema, unawe mikono.

Haya yote mwambie na dada wa kazi, tena mwonyeshe ua lenyewe. Saa nne asubuhi wewe uko kazini, yeye ndiye yuko na mtoto.

Sehemu ya 4 nitaongelea wadudu weupe kama pamba. Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.