Kaiti ya Mita 14 kwa Mtu wa Kilo 56

Haya wadau, bumu limeingia, na ndiyo maana simu haziishi. Mojawapo imetoka Paje, kwa mtoto wa mama yangu mdogo. Kuna mgeni anaondoka, anauza kaiti na ubao wake kwa bei ya kutupa. "Dada nisaidie nusu tu, nikishajua vizuri nitafundisha wageni, nitakurudishia." Kaiti yenyewe ni ya mita za mraba 14. Dogo ana kilo 56.

Kwa ambao hamjafika pwani ya mashariki ya Unguja: hii siyo tiara ya gazeti na njiti tuliyochezea utotoni. Ni kama tanga, linapaa juu na kukuvuta huku umesimama kwenye ubao. Ukubwa wake hauchagui kama kiatu, kwa kupima mwili peke yake. Unapima mwili na upepo pamoja. Mimi somo langu la kufundishia ni hisabati, kwa hiyo nikashika kalamu. Kanuni ya haraka inayotumiwa na wengi ni hii: uzito kwa kilo, zidisha kwa 2.2, gawanya kwa kasi ya upepo kwa noti (noti ya mabaharia jamani, siyo ya benki!). Ukiwa na utabiri wa kilomita kwa saa, gawanya kwanza kwa 1.85.

Basi, 56 mara 2.2 ni 123.2. Kusi likivuma, Juni mpaka Septemba, chukua siku ya noti 18. Unapata 6.8, yaani kaiti ya mita 7. Hiyo 14 ni mara mbili yake! Geuza hesabu: 14 inamfaa upepo ukiwa noti kama 9, na upepo wa hivyo mwanafunzi anahangaika tu, kaiti inamdondokea majini kila dakika.

Anasema, "nitaizoea." Hapo ndipo tulipogombana. Kaiti iliyokuzidi haizoeleki, upepo ukija ghafla inakunyanyua na kukubwaga. Ndiyo, ile fimbo ya kushikia inapunguza nguvu, na kuna kifyatuo cha kujinasua, lakini anayeanza mkono wake haujajua kukimbilia kifyatuo. Halafu Paje maji yakitoka yanabaki ya magotini, na mle mna vigingi na kamba za mwani. Shamba la mama mdogo mwenyewe lipo humo humo. Sasa fikiria kijana anaburutwa kuelekea kwenye vigingi vya mama yake.

Ubao wa huyo mgeni una sentimita 144. Mtu wa kilo 56 aliyekwishazoea angetumia kama 132 hadi 135, na anayejifunza huongeza chache. 144 ni mrefu, utamchosha kuukata kwa ukingo, ila hautamtupa popote. Kwa hiyo kwenye ubao sikumbania. Ubao ukizidi kidogo anayeanza ananufaika, kaiti ikizidi anaumia, na watu wengi wanachanganya haya mawili.

Hata wale wa kuteleza kwenye mawimbi bila kaiti ni hivyo hivyo. Mwenye kilo 56 anayeanza anafaa ubao laini wa futi 8 hivi, wenye ujazo wa lita zisizopungua kilo zake. Fundi wa uzito ule ule anapanda wa chini ya futi 6, lita hazifiki hata nusu. Ule mfupi unapendeza kwenye picha, lakini anayeanza akiulalia unazama naye, wimbi linapita anapiga makasia ya mikono tu, teh teh.

Nilichomwambia ni kwamba nusu yangu ipo, ila kwa kaiti ya 7 au 8, na siku za kwanza awe na mtu mwenye cheti cha IKO. Kama kweli anataka kufundisha wageni, cheti hicho atakihitaji na yeye. Akajibu kwamba kwa sasa hakuna anayeuza ndogo. Asubiri. Machi kaskazi ikiisha wageni wengine wanafunga mizigo, na wapo wasiotaka kubeba.

Ngoja nikimbie, nina seminari Yombo saa kumi na sijasoma hata ukurasa.